Kampa na matamasha ya kiangazi Ulaya: nani kaenda? Tupeane uzoefu

Mwana wa Barani, Malindi

Asalaam aleikum wana Malindi, wana Amu (Lamu), na mlioko ughaibuni. Dada yangu ameolewa na Mtaliano, wanakaa Bologna, na mumewe ana kampa, yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Shemeji anasema viza ikitoka tu, mimi na mke wangu tuje kiangazi chao, yeye atatupeleka kwenye tamasha la muziki na tutalala humo humo kwenye gari. Ila tamasha tuchague sisi. Kanitumia orodha ya matamasha, na kila nikiisoma naona majina ya wanamuziki tu, nusu yao siwajui.

Nataka kusikia kwa waliokwenda na gari la kulala, si waliolala hotelini. Mlichagua vipi? Gari mliliweka wapi? Mke wangu ni mtu wa swala tano na hapendi makelele ya walevi, hilo mlizingatie. Wa hapa hapa pwani pia karibuni.

Bi Salento

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi mzaliwa wa Malindi, sasa naishi mkoa wa Lecce, kule kwenye kisigino cha Italia. Kabla hujafika mbali, muulize shemeji wako kuhusu La Notte della Taranta. Lilianza 1998. Mwezi wa nane ngoma inazunguka vijiji vya Salento, leo hapa kesho pale, halafu kuelekea mwisho wa mwezi ndiyo usiku mkubwa Melpignano, mbele ya jengo la zamani la watawa wa Augustino. Kiingilio bure. Watu maelfu kwa maelfu, wanacheza mpaka karibu na alfajiri.

Muziki wenyewe unaitwa pizzica. Kazi kubwa inafanywa na tari, ile yenye vibati pembeni. Zamani ilisemwa mwanamke akiumwa na buibui shambani wakati wa mavuno, dawa yake ni kupigiwa ngoma nyumbani, acheze mpaka sumu imtoke, hata siku kadhaa, na wapigaji wanajaribu mdundo huu na ule mpaka wapate unaomwamsha. Nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia mama mkwe wangu, huyo si buibui, huyo ni pepo, na sisi kwetu tunampunga hivyo hivyo. Naye hakubisha.

Sasa habari ya kampa. Usiende usiku ule mkubwa ukadhani utasogea karibu. Barabara za kuingia Melpignano zinafungwa, magari yanaachwa mashambani nje ya kijiji. Sisi tulikuwa na kampa ya wifi yangu. Tuliiegesha kijiji cha jirani tangu asubuhi, tukapika, tukalala mchana na mapazia yamefungwa, jioni tukaenda kwa miguu kupitia mizeituni. Joto la Agosti huku linapita digrii 35, na kampa bila umeme wa nje haina kiyoyozi cha kukusaidia. Mchana ni kivuli tu. Ukikosa mti, utaoka.

Lakini kama wataka ushauri wangu wa kweli, achana na usiku mkubwa. Nenda vile vijiji vya kabla yake. Ngoma iko uwanjani mbele ya kanisa, bibi wa miaka themanini kakaa kwenye kiti chake mlangoni, na gari lako lipo hatua chache. Mkeo akichoka anarudi kulala.

Jamaa wa Ngomeni

Bi Salento, hapo kwenye bure umenifurahisha. Na mafuta? Bologna mpaka huko ni karibu?

Bi Salento

Karibu wapi! Ni zaidi ya kilomita 700, barabara kuu ya A14 inashuka na bahari ya Adriatic mkono wa kushoto, na inalipiwa. Na msitembee siku za kuzunguka tarehe 15 Agosti. Ile ni Ferragosto, sikukuu yao, Italia nzima iko barabarani.

Mjomba wa Bristol

Mimi nitawapa ya Uingereza kwa sababu najua kuna mtu atataja Glastonbury, na ni bora aambiwe mapema.

Ni shamba la ng'ombe kweli, Worthy Farm, kijiji cha Pilton, Somerset. Lilianza 1970, kiingilio pauni moja na maziwa ya bure juu. Siku hizi huwezi hata kununua tiketi kabla hujajisajili na picha yako, na tiketi inatoka kwa jina lako na uso wako, humpi mtu. Zikifunguliwa kuuzwa, zinaisha chini ya saa moja. Kampa nayo ina tiketi yake mbali, ya kulipia. Na 2026 ni mwaka wa kupumzisha shamba, tamasha halipo kabisa, kama ilivyokuwa 2018. Kwa hiyo kama kwenye orodha ya shemeji lipo, muulize orodha hiyo kaitoa wapi.

Jambo ambalo watu hawaliulizi ni hili: mashamba ya kampa yako nje ya uzio. Yaani ukitaka kubadilisha soksi ni safari. Unatoka jukwaani, unavuka umati, unatoka getini, unapanda kilima, ndiyo umefika kitandani. Na mvua ikinyesha, lile tope si la mchezo. Nimeona kampa zinavutwa na trekta Jumatatu asubuhi, moja baada ya nyingine, wenyewe wamesimama pembeni wana buti za mpira mpaka magotini.

Siku hizi mimi huenda matamasha madogo, yale ya watu elfu kadhaa, ambapo gari na jukwaa viko shamba moja. Huwa natafuta ramani ya uwanja kwanza. Kama ramani haionyeshi kampa zinakaa wapi, na bomba la maji liko wapi, nalipita. Wanamuziki ninawasikiliza hata kwenye simu.

Fundi wa Perugia

Mjomba kasema kweli, ila mimi naongeza upande mwingine. Kuna miji ambayo kampa ikikaa mbali ndiyo raha.

Umbria Jazz iko Perugia mwezi wa saba, tangu 1973. Perugia mji uko juu ya kilima, vichochoro vyembamba kushinda vya Amu, na katikati ya mji kuna eneo ambalo gari lisilo na kibali likiingia linapigwa picha na kamera, faini inakufuata nyumbani baada ya miezi. Shemeji wako anajua, kila Mtaliano ameshalipa. Basi huendi nayo huko. Unaegesha chini, Pian di Massiano, halafu unapanda Minimetrò, vibehewa vidogo visivyo na dereva vinavyokupeleka juu mpaka mjini. Vipo tangu 2008. Watoto wangu walikuwa wanataka kupanda na kushuka tu, muziki hawana habari nao.

Tamasha kubwa la usiku liko Arena Santa Giuliana na linalipiwa, tena si kidogo. Lakini kuna majukwaa ya bure uwanjani na bustanini, kuanzia mchana. Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza na mke asiyependa fujo, mimi ningempeleka hapa kabla ya Taranta. Watu wamekaa, wazee wamevaa suti za kitani, mtu anakula aiskrimu. Na Bologna kwenda Perugia ni kama kilomita 240 tu.

Halafu jambo la sheria, kwa sababu shemeji anaweza kuwa na haraka akasahau kuwaeleza. Kampa ikiegeshwa barabarani Italia inahesabiwa ni gari kama gari jingine, mradi imekaa juu ya magurudumu yake, haimwagi kitu, na haitoki nje ya ukubwa wake. Hicho ni kifungu 185 cha sheria yao ya barabara. Siku ukitoa kiti, meza na turubai la kivuli nje, umeshapiga kambi, na kambi ina mahali pake. Nasema hivi kwa sababu nawajua ndugu zangu wa pwani. Ikifika magharibi tu lazima mkeka utandikwe nje na chupa ya kahawa itoke.

Mtu wa Amu

Nyote mwasema ya Ulaya, na mimi nimekula mkate wangu kwa kampa za hao hao Wazungu wakija huku. Nina chombo, nabeba watu Mokowe na Amu.

Kila Maulidi wanakuja wawili watatu na magari yao makubwa, wametoka nayo Afrika Kusini huko au wameyashusha bandarini Mombasa. Wanafika Mokowe wanauliza kivuko cha magari kiko wapi. Hakuna. Gari linaishia Mokowe, wewe unaingia chomboni. Basi unaona mtu kasimama anaiangalia nyumba yake, hajui abebe nini aache nini. Mmoja alitaka kubeba friji! Nikamwambia, bwana, mji una friji, wewe beba nguo na dawa yako ya mbu.

Anayefikiria kuja kwa njia hiyo, ajue haya. Kutoka Malindi ni Garsen, Witu, mpaka Mokowe, lami sasa ni nzuri, lakini vizuizi vya askari vipo na safari ni ya mchana. Anza alfajiri. Kitambulisho au pasipoti iwe mkononi, si chini ya godoro. Gari likabidhi kwa mtu anayejulikana pale Mokowe, mkubaliane bei kabla hujavuka.

Na tafadhali msiyaite Maulidi tamasha la muziki. Ni Mfungo Sita, ni Mtume anasifiwa, ni Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na watu wanatoka Komoro, Unguja, Mombasa na kwengine. Kuna mbio za punda, mashindano ya mashua, zefe la matwari, mgeni anakaribishwa kwa mikono miwili. Ila anakuja kwa adabu ya mwenye shughuli. Tarehe yake inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana.

Tamasha la utamaduni la Lamu ndilo jingine, hilo kawaida Novemba, kusi imeshakwisha na bahari imetulia. Hilo ndilo mlete shemeji.

Mpishi wa Watamu

Mtu wa Amu, umenikumbusha yule wa friji 😂

Mimi mchango wangu ni choo, kwa sababu wanaume mmezungukazunguka hamjagusa. Nilifanya kazi na familia ya Kitaliano, nikasafiri nao kiangazi kizima na kampa nikiangalia watoto. Tangi la maji safi la gari lile lilikuwa kama lita 100. Zinasikika nyingi mpaka mtu wa kwanza aoge. Na choo kina kasha chini linalotolewa kwa mlango wa nje, linachukua lita 17 mpaka 20 hivi. Wao wanatumia karatasi. Sisi tunatumia kopo. Maji yote ya kopo yanaingia kwenye kasha lile lile, na likijaa taa nyekundu inawaka, tena inawaka saa nane usiku. Kumwaga si popote, ni kwenye vituo maalumu tu.

Kwa hiyo mwambie mkeo achukue chupa ndogo ya kubonyeza, yenye mdomo mwembamba. Maji kidogo na kazi inafanyika. Udhu atie kwenye bakuli, asifungulie bomba. Na mnapochagua tamasha, ulizeni kama eneo la kampa lina mahali pa kumwaga kasha na kujaza maji. Tamasha moja, sitalitaja, waliweka kituo kimoja cha maji kwa shamba zima, na foleni ya asubuhi ilikuwa ndefu kuliko ya kuingia jukwaani. Mama mwenye nyumba alikuwa ananituma na ndoo kana kwamba tuko kisimani.

Kelele nazo ulizeni. Matamasha mengi ya kule yana eneo la kampa la familia, lina saa za ukimya. Linaandikwa, si la kubahatisha.

Jamaa wa Ngomeni

Kwa nini msianze na tamasha la Kilifi? Mwaka mpya, chini ya mibuyu, kilomita 60 hivi kutoka Malindi. Mimi na wenzangu tulikwenda na Hiace yetu, viti vya nyuma tukavitoa, magodoro ndani, chandarua kikafungwa kwenye vishikio. Ilikuwa kampa tosha. Vumbi tu ndilo lililotuzidi, na jua la saa mbili asubuhi kwenye bati. Ukiweza hilo, Ulaya utaiweza.

Mwana wa Barani, Malindi

Nduzangu, Mungu awape kheri. Nimemsomea mke wangu yote, ya choo kayasikiliza mara mbili.

Tumekubaliana hivi. Viza ikitoka kabla ya Julai, tunaanza na Perugia, tunashinda kwenye majukwaa ya bure. Halafu shemeji akiwa na nguvu, baada ya hiyo Ferragosto yenu tunashuka Salento, vile vijiji vidogo vya Bi Salento, usiku mkubwa tutauona kwenye televisheni. Na Novemba deni ni langu, yeye aje, nimpeleke Amu. Mtu wa Amu nitakutafuta.

Swali la mwisho. Mama anataka kutufungia vitu vya kumpelekea dada: sambusa za nyama, samli, na ng'onda. Vinapita?

Fundi wa Perugia

Sambusa za nyama na samli acha Malindi. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingia kwenye begi la msafiri, wakivikuta wanavichukua. Samaki ndiyo ruhusa, mpaka kilo 20 kwa matumizi yako.

Bi Salento

Ng'onda kilo 20, ndani ya kampa, Agosti, digrii 35. Kisheria ruhusa. Shemeji yako muulize mapema.

Mwana wa Barani, Malindi

😂 Basi kilo mbili, zishukie Bologna.