Tupeane uzoefu: mlimpunguziaje sukari mtoto mnene?

mama_wa_makorora
Habari za jioni wapendwa. Kijana wangu ana miaka 10 na kilo 54. Mwaka mzima nimekuwa nikimsugua shingo kwa dodoki. Weusi hautoki, mtoto analia, nami namgombeza kwamba hajui kuoga. Majuzi nikampeleka hospitali kwa maumivu ya tumbo, daktari akaanza na shingo. Akasema ule si uchafu, ni dalili kwamba insulini, ile homoni inayosaidia mwili kutumia sukari, haifanyi kazi yake vizuri mwilini. Vipimo vya damu, kisha ultrasaundi: ini limeanza kujaa mafuta.

Mimi nilidhani ini la mafuta ni la walevi! Dawa sikupewa. Nimeambiwa sukari ipungue, mtoto acheze, na nisimshindishe njaa maana bado anakua. Mliopita njia hii mlianzia wapi? Nyumbani tuko saba, na mpika chai ni bibi yake.

chumbageni_baiskeli
Pole dada. Dodoki liweke kando.

Wangu ni wa kike, miaka 12. Mimi nilianza na daftari. Chai ya asubuhi vijiko 4. Shuleni barafu mbili za ubuyu, nikakadiria vijiko 5. Akirudi, juisi ya pakiti. Jioni chai tena, vijiko 3. Ikifika Ijumaa, na soda juu yake. Soda ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Chama cha Moyo cha Marekani kilishasema mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko 6. Wangu alikuwa anaimaliza ya siku mbili na zaidi kabla ya Isha.

Soda na juisi ya pakiti tulizikata siku hiyohiyo. Chai tukaishusha nusu kijiko kila wiki, birika zima, bila kumtangazia mtu. Wiki ya tatu baba yake ndiye aliyeuliza mbona chai ya siku hizi haina nguvu. Mtoto hata hakushtuka.

mjuba_barabara_ya_12
Mnatafuta makuu. Sisi tumekunywa chai tamu tangu utoto na maini yetu yapo.

dawa_na_dua
Kaka, wewe ulikunywa chai ukapanda baiskeli hadi Pongwe na kurudi. Huyu anakunywa kisha anakaa na simu.

Mimi kazi yangu ni famasi, niieleze kidogo. Sukari ya mezani imeundwa na sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi mzigo wake mkubwa unaangukia ini. Ikishuka nyingi kwa mara moja, kama kwenye soda, ini huigeuza mafuta. Mwaka 2019 huko Marekani yalitoka matokeo ya wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 wenye ini la mafuta. Waliopunguziwa sukari kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17 kwa wastani. Wenzao walioendelea kula walivyozoea, kutoka 21 hadi 20 tu. Na hapa mama wa Makorora asome mara mbili: chakula kile cha sukari kidogo kilipelekwa kwa nyumba nzima, hakuwekewa mgonjwa peke yake.

bibi_wa_pongwe
Wanangu, nami niseme ya upande wetu. Miaka ya themanini mwanzoni tulipanga foleni kutafuta kilo moja ya sukari, na mara nyingine ukirudi mikono mitupu. Leo ipo dukani, mjukuu amekuja kunisalimu, nimpe chai isiyo na sukari? Nitaonekana bibi gani?

Mkwe wangu alinishinda kwa adabu. Hakunikataza. Alileta tenga la machungwa ya Muheza akaniambia, "Mama, huyu mtoto anapenda ukimmenyea wewe." Basi sasa namenya. Ila hayakamuliwi. Ya juisi atakunywa matano kwa pumzi moja, ya kumenya yakifika mawili kashiba.

muuza_barafu
Msinirushie mawe, nauza barafu karibu na shule. Kitu kikiganda utamu wake hufifia ulimini, ndiyo maana tunatia sukari kuliko juisi ya kawaida. Wangu wa nyumbani siwapi kila siku, nawaambia ukweli. Mama mmoja aliniomba nitenge chache za ukwaju zenye sukari nusu. Walizilalamikia siku mbili, ya tatu zikaisha.

chumbageni_baiskeli
Jamani, huyu dada apewe maua!

mama_wa_makorora
Nimesoma zote. Sukari ya mezani nimeihamishia kabatini, asubuhi bibi yake akaiulizia mara mbili. Nikamwambia tunashusha nusu kijiko, sote, hata mimi. Akanyamaza, akanywa, akasema "hii ni dawa au chai?" Lakini akamaliza kikombe.

Jioni nikampa machungwa na kisu. Anamenya ganda refu lisilokatika, na kijana analivaa kama mkufu. Shingo bado nyeusi. Leo ameoga mwenyewe.