Nimemwambia mgeni samaki ni "sweet", akaweka uma chini. Nisaidieni Kiingereza cha chakula

Dau_la_Wiyoni:
Assalaam aleikum jamani. Mimi ni mpishi kwenye dau linalopeleka wageni kisiwani Manda Toto, huku kwetu Lamu. Kupika sina taabu, nimelelewa jikoni kwa bibi. Taabu ni mdomo. Msemaji wetu ni nahodha, lakini akishuka na wageni kuogelea, maswali ya chakula yote huniangukia mimi.

Wiki iliyopita nilichoma nguru, nikampaka tui zito na ukwaju, makaa yakamshika vizuri mpaka kingo zikaanza kukauka. Nikaita kwa sauti, "Food is finished!" nikimaanisha kimeiva. Mama mmoja Mwingereza akakunja uso, akadhani wenzake wameshakimaliza. Nikamwekea sahani upesi, nikamwambia, "Fish very sweet." Akaweka uma chini. Kumbe ana kisukari. Akala wali wa nazi na kachumbari, nguru wangu wakafaidi mabaharia.

Nataka maneno ya kila siku. Kitabu nilichonunua kinaanza na "apple". Tufaha Wiyoni?

MamaMahamri:
Pole kaka, ingawa nimecheka. Mwenye kisukari kamkimbia samaki akaangukia sahani ya wali!

"Finished" ni kwisha, hakuna tena. Sema "Lunch is ready", basi. Na "sweet" iachie halua na chai. Samaki ni "tasty" au "delicious", lakini hilo mwachie mgeni aseme mwenyewe. Mimi nimepika Shela miaka mingi: mgeni hahitaji usifie chungu chako, anataka kujua kuna nini ndani.

Ticha_wa_Langoni:
Nakupa ufunguo mmoja. Ile "wa ku-" yetu, kwa Kiingereza kitendo hutangulia, chakula kikafuata. Samaki wa kukaanga ni "fried fish", wa kuchoma ni "grilled fish", viazi vya kuchemsha ni "boiled potatoes", mboga za mvuke ni "steamed vegetables". Kinachotia ladha nacho hukaa mbele: wali wa nazi ni "coconut rice", maji ya ukwaju ni "tamarind juice". Ukilishika hilo, vyakula vingi utavitaja bila kamusi.

Ila angalia "roast". Sisi Kenya tunalitumia hata kwa nyama choma, Mwingereza akilisikia anawaza nyama iliyookwa kwenye oveni. Wewe wa makaa sema "grilled over charcoal". Na kupaka usikutafsiri kabisa! Kuna mahali niliona ubao umeandikwa "painted chicken". Huyo nguru wako ni "grilled fish in coconut sauce". Usiseme "soup" kwa kila chenye majimaji. "Soup" hunywewa kwa bakuli, mchuzi wa kumwagia wali ni "sauce" au "curry".

Baharia_Mzee:
Na "mbichi" imenitia aibu mimi. Kwetu samaki mbichi ni yule katoka baharini sasa hivi, si ng'onda. Nikawaambia wageni, "Today we eat raw fish." Wakatazamana. Aliyevuliwa leo ni "fresh". "Raw" ni ambaye hajaona moto.

Mjukuu_wa_Malindi:
Malindi kwetu Waitaliano wametuharibu, ngisi tunamwita kalamari mpaka sokoni. Halafu muulize mgeni katoka wapi kwanza, maana Waingereza na Wamarekani hawaelewani wenyewe. Kamba kwa Mwingereza ni "prawns", Mmarekani husema "shrimp". "Chips" kwa Mwingereza ni vibanzi. Kwa Mmarekani ni krispi za pakiti, na vibanzi ni "fries". Neno "entrée" ndilo balaa: Mfaransa anafungulia mlo kwalo, Mmarekani ndicho chakula chenyewe. Niliwahi kumpelekea Mmarekani kisahani kidogo, akabaki anasubiri.

MamaMahamri:
Nimesahau pilau. "Hot" ina maana mbili, ya moto na ya pilipili, kwa hiyo ya pilipili sema "spicy". Lakini pilau haiwashi, ina viungo tu. Hiyo ni "spiced". Herufi mbili tu, ila ukikosea, mwenye kuogopa pilipili hagusi.

Ticha_wa_Langoni:
Moja ambalo si la mzaha. Kabla hujawasha jiko uliza, "Any allergies?" Kule Uingereza sheria inamtaka muuza chakula aseme kama ndani mna kimojawapo cha vitu 14, wakiwemo samaki, karanga, ufuta, maziwa na mayai. Wageni wako wamezoea kuulizwa. Mtu akisema "shellfish", ondoa kamba, kaa na chaza, muulize pia kuhusu pweza na ngisi, na mafuta yaliyokaangiwa kamba usiyarudie kwa samaki wake. Kuna anayevimba koo, na Manda Toto hakuna zahanati.

Dau_la_Wiyoni:
Shukran sana. Nimeyaandika kwa makaa kwenye kifuniko cha sanduku la jiko. Kesho nina wageni sita, tunaanza na chai, mahamri na mbaazi za nazi. Hizo nazo?

MamaMahamri:
Mahamri yaite mahamri. Akiuliza, mwambie "fried bread with cardamom". Mbaazi ni "pigeon peas in coconut milk", na uiseme kwa pumzi moja. Ukisita baada ya "pigeon", watadhani umewapikia njiwa.