Kichwa cha mwanangu kimechongoka, ni kawaida?

Wakuu, juzi usiku nimekuwa baba. Mama yake alisukuma karibu masaa mawili, mimi nimeshika chupa ya maji nikasahau hata kumpa. Mtoto katoka na utando mweupe mwilini, kichwa kirefu kama yai! Mkunga akacheka tu. Kitarudi?

Jibu: Hongera baba fulani! Kinarudi. Mifupa ya fuvu haijaungana bado, hupandana ili apite. Wa kwangu siku ya 3 kilishakaa sawa.

Jibu: Subiri choo cha kwanza, cheusi kama lami. Mimi nilimwamsha nesi saa nane usiku kwa hicho, aibu!

Muulizaji: Hicho nimeshakifuta, mkuu. Kimenata mpaka kwenye saa yangu.