Mafundi wa madirisha ya paa Mombasa, silikoni si flashingi!

Wanajamvi, leo nasema mpaka nitoe lililo moyoni. Hapa kwetu Kisauni tulikuwa na dirisha la paa la plastiki, jua lilishalichoma likawa manjano na kupasuka pembeni. Nikamlipa fundi aweke jipya la kioo, kazi na vifaa vyote juu yangu. Mvua ya kwanza ya masika tu, maji yanachirizika ukutani sebuleni hadi kwenye soketi ya televisheni. Soketi ya umeme, jamani, na watoto wanacheza pale!

Nampigia simu, ananiambia eti ni mvuke. Mvuke gani huo unaokuja siku ya mvua peke yake na kuacha michirizi ya tope jekundu la vigae?

Nikapanda mwenyewe. Dirisha jipya, flashingi, yaani vile vipande vya bati vinavyozunguka fremu kuzuia maji, ni ile ile ya zamani! Kipande cha juu, upande wa kilele cha paa, amekilaza juu ya vigae badala ya kukiingiza chini yake, kwa hiyo maji yanayoteremka yanapita moja kwa moja nyuma ya fremu. Matundu ya misumari ya zamani kayaziba kwa silikoni, na tayari imeanza kubanduka. Ukiivuta kwa ukucha inatoka utepe mzima.

Bati linatanuka mchana na kunywea usiku, silikoni peke yake itashika nini? Kinachozuia maji ni jinsi vipande vinavyolaliana, cha juu kikimwaga juu ya cha chini. Na flashingi huchaguliwa kwa paa. Vigae vya mawimbi kama Mangalore vinataka kipande cha chini kinacholainika, ukibonyeze kifuate mabonde yote. Vigae bapa vinataka vipande vidogo vinavyopangwa kama ngazi ubavuni, mstari kwa mstari. Mabati nayo yana ya kwake. Halafu huyu bwana kapigilia alumini kwa misumari ya chuma cha kawaida, kwa upepo huu wa chumvi! Kutu imeshaanza kwenye vichwa.

Sasa hapokei simu. Mimi nataka arudi aibandue kazi yote, au anirudishie pesa yangu.

Turubai liko juu ya paa na masika bado hayajaisha. Kama kuna anayemjua fundi wa huku Kisauni au Nyali anayekunja flashingi kwa kipimo cha vigae, na anayekubali kuijaribu kwa kuimwagia maji kwa mpira wa bomba kabla ya kulipwa, anielekeze leo hii.