Mrejesho: majibu ya kipimo cha pili cha mbegu za kiume

Wapendwa, mwezi wa tatu niliuliza kwa nini mbegu zangu haziogelei vizuri ilhali siumwi. Mlinisihi nimwone daktari; nilimpata hapa Nairobi. Alinieleza kuwa utando wa mbegu una mafuta yanayoharibiwa upesi na molekuli kali za oksijeni, na sigara huzizidisha. Hata DNA (vinasaba) iliyo ndani ya mbegu hukatika. Vile vidonge vya vitamini E nilivyonunua Kawangware (bei yake iliniumiza) alisema ushahidi kwamba vinasaidia ni dhaifu. Nikaacha sigara. Mbegu hutengenezwa kwa takribani siku 74, kwa hiyo nilisubiri miezi mitatu ndipo nikapima tena. Zinazosonga zimepanda kutoka asilimia 24 hadi 38. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni 42. Mke wangu alilia kwa furaha. Tutapima tena Desemba.