Nina elfu 25: fimbo gani ya pool itastahimili hewa ya Malindi?

Mchezaji wa Barani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wa kununua fimbo yangu ya kwanza, maana hapa mjini nimeuliza watu wanne na kila mmoja amenivuta upande wake.

Nacheza pool mwaka wa sita sasa. Siku za kazi nacheza Barani baada ya Isha, Jumapili naenda Watamu kwenye meza nzuri zaidi. Muda wote huo nimetumia fimbo za ukumbini, zile za kipande kimoja. Ya Barani imepinda, tipu yake, ile ngozi ya kwenye ncha, imekuwa bapa na ngumu, na kila usiku huachwa imeegemezwa ukutani karibu na mlango, upepo wa bahari unaipiga mpaka asubuhi. Mwezi uliopita nilibakisha mpira mweusi peke yake, umekaa mdomoni mwa shimo. Nikapiga mweupe ubavuni kidogo ili usifuate ndani, nikaukosa mweusi kabisa. Nimechoka kutojua kama kosa ni la mkono au la fimbo. Halafu miezi mitatu ijayo nataka kushiriki mashindano Mombasa.

Nina shilingi 25,000. Nilizoziona ni hizi. Kuna Players mpya, ambayo jamaa yangu anaweza kuniletea kutoka Marekani akija likizo. Kuna McDermott iliyotumika, mwenyewe yuko Nyali, anataka 28,000 ila anasema tutazungumza. Duka moja Mombasa lina Predator mpya kwa 12,000. Na kuna mzee wa Kitaliano kule Casuarina anayerudi kwao, anauza Longoni yake pamoja na mkoba wa ngozi kwa 20,000. Nimeishika hiyo Longoni. Inapendeza mno, na moyo wangu uko hapo.

Seremala wa Maweni

Waalaikum salaam kaka. Mimi kazi yangu ni milango na vitanda, kwa hiyo nitaanzia kwenye mbao.

Fimbo nyingi za pool zinazotoka viwandani, ziwe za Marekani, Japani au China, shafti yake, yaani kipande cha mbele, ni ya mti wa mepo, mti mweupe, mgumu, ulio laini mkononi. Lakini mti haufi kwa kukatwa. Unakunywa unyevu na kuutoa. Mvua za mwezi wa 5 zikishika, milango niliyoitengeneza Januari inavimba na kukataa kufunga. Kaskazi ikirudi inalegea. Sasa fikiria kijiti chenye unene wa milimita 13 huko mbele kikipitia hayo kila mwaka. Hapo ndipo kiwanda kizuri kinapojitenga na kibaya: kiwanda kizuri hukausha mbao taratibu, huichonga kidogo, huiacha ipumzike, kisha huichonga tena. Kibaya huimaliza haraka na kuificha kwa vanishi.

Ukiishika fimbo, tazama mishipa ya mbao kwenye shafti. Iende sambamba kutoka kwenye tipu hadi kwenye kiungo, pale vipande viwili vya fimbo vinapoungwa. Ikiwa inakimbilia ubavuni, rudisha, hata kama imeandikwa jina kwa dhahabu.

Dada wa Watamu

Kaka, kabla hujatoa hata shilingi kwa yule mzee, muulize swali moja: alikuwa akichezea meza yenye mashimo au isiyo na mashimo?

Wataliano wana biliadi yao ya vijiti vitano vinavyosimamishwa katikati ya meza, na meza hiyo haina mashimo. Longoni ni kampuni ya Italia inayotengeneza fimbo tangu 1945, na ina fimbo za pool, ila pia ni jina kubwa katika biliadi hiyo na katika karambola, biliadi nyingine isiyo na mashimo. Fimbo za huko si za kazi yako. Nyingi zina urefu wa karibu sentimita 140, wakati ya pool kwa kawaida ni inchi 58, yaani sentimita 147. Shafti yake inaanza nyembamba mbele na kunenepa moja kwa moja kurudi nyuma kama karoti, kwa hiyo ukiweka daraja la vidole ili fimbo ipite juu yake unaisikia inakujaza kadiri unavyosukuma. Ya pool huwa na unene uleule kwa sehemu ndefu kabla ya kuanza kunenepa. Na imeundwa kwa mipira ya milimita 61.5, mizito kuliko yetu. Si mbaya hata kidogo. Ni ya mchezo mwingine.

La pili, pima mipira yako. Chukua uzi, zungushia mpira katikati kabisa, kisha weka uzi kwenye rula. Ukipata karibu sentimita 18, ni mipira ya Kimarekani ya milimita 57. Ukipata 16, ni ile midogo ya Kiingereza ya inchi 2. Fimbo za bei uliyotaja, Players na McDermott, kwa kawaida zina tipu ya milimita 12.75 hadi 13, zimelengwa kwa mpira mkubwa. Waingereza kwa mpira mdogo hutumia tipu ya milimita 8 hadi 9 hivi.

Kijana wa Mtwapa

Hiyo Predator ya 12,000 isikusumbue. Predator ni kampuni ya Florida, ilianza 1994, na sifa yake yote imejengwa kwenye shafti. Shafti yake ya kaboni, Revo, peke yake bila mkono, yaani kipande cha nyuma, inazidi dola 400 huko Marekani. Fimbo nzima mpya kwa 12,000 Mombasa, baada ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16? Haiwezekani. Ni jina lililobandikwa.

Lakini nikuelezee kwa nini watu wanailipia, kwa sababu inahusu ule mpira mweusi ulioukosa. Ukiupiga mpira mweupe ubavuni wa kulia, tipu inausukuma kidogo kushoto kabla haujaanza safari. Umelenga hapa, unaondoka pale. Kadiri ncha ya shafti ilivyo nzito ndivyo inavyousukuma zaidi. Predator wakapunguza uzito wa ncha: shafti yao ya 314 imeunganishwa kwa vipande vya mbao vilivyopangwa kama vipande vya keki, na mbele imetobolewa ndani. Siku hizi karibu kila kampuni ina ya kwake. Mezz ya Japani wanayo, Cuetec wana Cynergy ya kaboni, na ndiyo anayochezea Shane Van Boening, bingwa wa dunia wa mipira 9 wa mwaka 2022. Kaboni kwa pwani ni jambo la maana sana, haijui mvua wala kusi. Kama ungeweza kungoja mwaka mmoja ukaongeza pesa, mimi ningengoja.

Seremala wa Maweni

Kijana, hapo kwa kaboni sina la kupinga. Ila usimwambie mtu angoje mwaka. Anaweza kujifunza kurekebisha shabaha kwa shafti ya kawaida mradi iwe ileile kila siku. Kinachomharibu sasa ni kubadilisha fimbo kila jioni.

Mzee wa Lamu

Wanangu, niwakumbushe kitu kimoja. Mimi nilijifunza kwenye meza ya Kiingereza nikiwa kijana, kwa fimbo ya mti wa eshi, ule wenye alama za mishale mbele. Peradon wa Liverpool wanazitengeneza tangu 1885. Kama meza zako ni za mpira mdogo, mwanangu, usidharau fimbo hizo kwa sababu tu vijana wanataka za Kimarekani. Fimbo ya tipu nyembamba inakuonyesha wazi unapougusa mpira.

Mchezaji wa Barani

Shukran sana. Nimezunguka na uzi siku mbili. Barani mipira ya rangi ni sentimita 16, na mweupe ni mdogo zaidi, 15. Watamu yote ni 18. Nimempigia mratibu wa mashindano Mombasa, amesema nao wanatumia mikubwa.

Nimemrudia mzee wa Casuarina na rula. Fimbo yake ni sentimita 141, na alicheka nilipomuuliza kuhusu mashimo. Akanionyesha picha ya meza ya kwao, haina hata moja. Dada, Mungu akuweke. Imebaki Players na McDermott.

Dada wa Watamu

Mweupe kuwa mdogo kuliko wenzake ni kawaida ya meza za sarafu; ndivyo mashine inavyoutambua na kuurudisha. Kwa tipu ya milimita 13 mpira huo utakusumbua. Basi nunua kwa ajili ya mpira mkubwa, kwa sababu ndiko unakotaka kufika, na Barani endelea na ya ukumbini au tafuta ya eshi ya bei ndogo.

Kati ya hizo mbili: Players ni ya China, ya kazi, na kwa fimbo mpya ya mwanzo sioni aibu yoyote. McDermott ni ya Wisconsin, kampuni ya tangu 1975, na mbao zao nimeziamini. Wana dhamana ya maisha ambayo inahusu hata kupinda, lakini wewe ni mnunuzi wa pili na Wisconsin ni mbali, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu. Faida ya kweli ni pini yake, ile skrubu inayounganisha shafti na mkono, ya inchi 3/8 yenye nyuzi 10 kwa inchi. Makampuni mengi yanatengeneza shafti zinazoingia hapo. Ukipata pesa baadaye, unanunua shafti ya kaboni tu na mkono unabaki uleule.

Ila iliyotumika uikague kwa mkono wako. Ifungue vipande viwili. Biringisha shafti peke yake juu ya meza, kisha mkono peke yake, kisha ziunganishe ubiringishe tena. Shafti ikiruka peke yake, ondoka. Ikiwa vipande viwili vimenyooka ila vikiungwa vinayumba kidogo, tatizo ni kiungo. Huo si ugonjwa wa kuua, lakini ni sababu ya kupunguza bei. Mwisho ielekeze kwenye mwanga na uchungulie kwa urefu kama unavyochungulia ubao.

Seremala wa Maweni

Na baki na elfu moja mfukoni kwa tipu. Fimbo ya mtu mwingine ina tipu ya mtu mwingine.

Mchezaji wa Barani

Nimerudi kutoka Nyali. Shafti imenyooka, mishipa inakwenda sambamba hadi mwisho. Mkono umenyooka. Zikiungwa kuna mtikisiko mdogo karibu na kiungo. Nilimwonyesha mwenyewe palepale, tukabiringisha mara tatu, akakubali. Tumemalizana kwa 23,500. Uzito wake ni aunsi 19, karibu gramu 540.

Tipu ilikuwa imeisha. Fundi mmoja wa Mombasa amenibandikia mpya ya ngozi ya tabaka, akaikwangua ikawa mviringo. Jana usiku nilikuwa Watamu. Saa nzima sikucheza na mtu, nilipiga mpira mweupe peke yake, katikati tu, uende kwenye ukingo wa meza na kurudi kwenye tipu. Mara za kwanza ulirudi pembeni. Kisha ukaanza kurudi.

Sasa hivi iko chumbani, ndani ya mkoba, imelazwa juu ya kabati mbali na dirisha.