Wakuu, huu ugomvi wa China na majirani zake: wanagombania nini, na mzigo wetu uko salama?

Spea_Mbuyuni:
Habari za jioni wakuu. Nauza spea za pikipiki hapa Mbuyuni, Moshi: pistoni, cheni, pleti za klachi, kabureta. Mzigo wangu mkubwa unatoka Chongqing, vitu vidogo vidogo ajenti ananikusanyia Guangzhou. Juzi dereva mmoja wa boda kaja kununua plagi, akanionyesha video kwenye simu: meli ya walinzi wa pwani wa China inaipiga kwa mizinga ya maji meli ya Ufilipino. Chini yake watu wameandika vita ya tatu ya dunia hiyo. Nikiingia kwingine naambiwa India, kwingine Taiwan, kwingine Japani.

Mimi si mtu wa siasa. Nauliza mawili tu. Wanagombania nini hasa, maana nikifungua ramani naona maji matupu? Na je, nijikakamue niagize kontena zima sasa hivi kabla hakujachafuka, au niendelee kuchukua kidogo kidogo? Kontena zima ni mkopo, na mama watoto ameshasema hataki kusikia neno benki ndani ya nyumba. Msinitukane, nijibuni.

chalii_wa_ngarenaro:
Mangi, vita gani tena? Hizo ni propaganda za wazungu. Walipokataa kutujengea reli, Mchina ndiye aliyekuja na TAZARA. Leo mnamwita mvamizi. Agiza mzigo ulale.

MpimaArdhi_Mstaafu:
Spea, marahaba, hata kama hukuniamkia. Mimi nilikuwa mpima ardhi, nimezunguka na vyombo Hai, Rombo, Vunjo mpaka Arumeru. Watu wa habari wanaanza na manowari. Mimi nitaanza na bikoni, yale mawe ya mpaka, ndicho ninachokijua.

Unaona maji matupu kwa sababu ramani ya simu haikuonyeshi miamba. Bahari ya Kusini mwa China ina miamba mingi, na thamani ya kila mmoja inategemea unakuwaje maji yakijaa. Sheria ya Bahari ya mwaka 1982, ambayo China yenyewe iliiridhia 1996, inasema hivi: kisiwa ambacho watu wanaweza kuishi kinakupa ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini. Jiwe linalobaki juu ya maji muda wote lakini haliwezi kubeba maisha ya watu linakupa maili 12. Mwamba unaozama maji yakijaa na kuonekana yakipwa, ukiwa peke yake mbali na pwani, haukupi kitu. Ukiumwagia mchanga na kuuwekea lami, bado haukupi kitu, kwa sababu kinachoangaliwa ni ulivyoumbwa.

Sasa China ina mstari wake wa vipande vipande. Serikali ya Kuomintang, iliyotawala kabla ya Wakomunisti, iliutoa 1947 ukiwa na vipande 11. Baadaye vikabaki 9, na ramani ya 2023 ina 10. Unameza sehemu kubwa ya bahari hiyo mpaka karibu na fukwe za Ufilipino, Vietnam, Malaysia na Brunei. Kinachonikera mimi kitaalamu ni kwamba hauna koordineti, zile namba za kuonyesha mahali kamili. Enzi zetu, kijana aliyeleta mchoro wa shamba bila koordineti alirudishwa mlangoni kabla hajakaa. Hili ni dai la nchi kubwa, na huwezi hata kulipima uwanjani.

Ufilipino ikashitaki. Tarehe 12 Julai 2016 jopo la usuluhishi kule The Hague likaamua kwamba madai ya haki za kihistoria ndani ya mstari ule hayana msingi kisheria. China haikushiriki kesi, na ikasema hukumu haiitambui.

Chukua mwamba mmoja uone mambo yanavyokwenda: Mischief. Ni mwamba wa kuzama na kuibuka, uko ndani ya maili 200 za Ufilipino. Mwaka 1995 Wafilipino walikuta vibanda vimesimamishwa juu ya nguzo. China ikasema ni vya wavuvi kujikinga na dhoruba. Ilipofika miaka ya 2014 na 2015 zikaja meli za kunyonya mchanga wa chini na kuumwaga juu ya matumbawe. Leo pana uwanja wa ndege, rada na gati. Miamba saba ilijazwa hivyo, na Marekani ilikadiria jumla ya ekari 3,200 hivi za ardhi mpya. Huku kwetu wote tunaijua njia hiyo: jirani hakuji na panga. Anang'oa masale, ile mimea ya mpaka, usiku, anayapanda hatua moja ndani ya shamba lako la kihamba, anajenga banda la mbuzi, na siku mnafika baraza la kata mashahidi wanasema banda limekuwepo siku zote.

Wafilipino nao si watoto. Mwaka 1999 waliikwamisha makusudi meli chakavu ya enzi za Vita Kuu ya Pili, Sierra Madre, juu ya mwamba wa Second Thomas. Mpaka leo kuna askari wanaishi humo katikati ya kutu, na kwa miaka Wachina walikuwa wakiziba njia walipopelekewa chakula. Tarehe 17 Juni 2024 Wachina walivizunguka vyombo vyao wakiwa na mashoka na visu, na baharia mmoja wa Kifilipino akapoteza kidole gumba. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zikakubaliana utaratibu wa muda wa kupitisha mahitaji. Agosti 2025, karibu na Scarborough, mwamba mwingine wanaougombania, meli ya walinzi wa pwani wa China ikiifukuza ya Kifilipino iligongana na manowari ya China hiyohiyo.

Milimani ni ugonjwa uleule wa mpaka usiopimwa. India na China zina mstari wa udhibiti ambao kila mmoja anauchora kwake. Mkataba wao wa 1996 unakataza kufyatua risasi karibu na mstari huo, kwa hiyo usiku wa tarehe 15 Juni 2020, bonde la Galwan, walipigana kwa mawe na marungu. India ilipoteza askari 20. China ilikaa miezi kadhaa ndipo ikasema wake walikuwa 4. Oktoba 2024 walielewana tena kuhusu doria.

Lakini usiondoke hapa ukidhani China inagombana na kila mtu. Inapakana na nchi 14 kwa ardhi, na 12 imeshamalizana nazo. Zimebaki India na Bhutan. Tajikistan mwaka 2011 iliipa kama kilometa za mraba 1,000, wakati dai lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu, kwenye nchi kavu China inakubali kupatana kwa sababu haiogopi kuzibwa pumzi huko. Biashara yake inatokea baharini, na baharini kuna Marekani.

Mzigo wako sasa. Spea za Chongqing nyingi hushuka kwa mto Yangtze mpaka Shanghai, halafu meli inakata kusini, na njia yake ya kawaida ni mlango wa bahari wa Taiwan, kisiwa kinachojitawala ambacho China inadai ni chake. Pale ndipo pa kuangalia, si kwenye hizo video za maji. Za Guangzhou hazigusi Taiwan kabisa, zinatokea moja kwa moja Bahari ya Kusini, Singapore, Malacca, kisha Dar. Agosti 2022, Pelosi, spika wa bunge la Marekani wakati huo, alipotembelea Taiwan, China ilirusha makombora ya mazoezi kuizunguka. Meli zilizunguka mbali siku chache, biashara ikarudi. Kinachokufikia wewe ni nauli na bima. Kumbuka 2024: Wahouthi wa Yemen walikuwa wakishambulia meli Bahari Nyekundu, mzigo wako wa Dar haupiti huko, lakini meli zilipoanza kuzunguka Afrika Kusini nafasi zikawa chache na nauli za kontena zikapanda duniani kote. Mkopo wa kuogopa video usiuchukue. Ongeza kidogo zile spea zinazotoka haraka, na umsikilize mama watoto.

Spea_Mbuyuni:
Shikamoo mzee, samahani nilichelewa. Ya Chongqing na Taiwan ndiyo naisikia leo, na huyu ajenti nimekaa naye miaka.

chalii_wa_ngarenaro:
Mzee umeeleza, ila Marekani umempitisha kiulaini. Kambi za kijeshi kule ni za nani?

MpimaArdhi_Mstaafu:
Sijampitisha, dogo. Ana mkataba wa ulinzi na Ufilipino tangu 1951, na 2023 aliongezewa vituo vinne, vikawa tisa. Na hiyo Sheria ya Bahari anayomsomea Mchina kila siku, yeye mwenyewe hajajiunga nayo. Ila Mvietnam hakuanza kuonewa juzi kwa sababu ya kambi hizo. Mwaka 1988, pale kwenye mwamba wa Johnson South, wanamaji wa China waliwaua wanajeshi 64 wa Vietnam.

Bi_Njiro:
Mzee, tusiwe tunamsema Mchina peke yake kwa kukataa hukumu. Oktoba 2021 Mahakama ya The Hague iliamua mpaka wa bahari wa Kenya na Somalia, na Kenya ikasema haiitambui.
Halafu nina swali. Mimi niko kwenye utalii hapa Arusha. Nilisoma kwamba Septemba 2025 China ilitangaza Scarborough kuwa hifadhi ya taifa. Hifadhi ya nini baharini kule? Maana sisi tuliona bikoni za Loliondo mwaka 2022, tunajua neno hifadhi linaweza kumhamisha mtu.

MpimaArdhi_Mstaafu:
Kenya ni kweli, sina la kuongeza. Sisi wenyewe na Malawi ziwa bado halijaisha, afadhali hakuna aliyemwaga mchanga.
Scarborough wanasema ni kulinda matumbawe. China iliudhibiti mwamba huo tangu 2012, na jopo lile la 2016 lilikuta wavuvi wa Kichina walikuwa wakiyavunja matumbawe kwa mapanga ya injini za boti, wakitafuta kombe wakubwa, na serikali yao haikuwazuia. Jopo hilohilo lilisema Wafilipino wana haki ya jadi ya kuvua pale. Kwa hiyo mama, swali lako jibu lake utaliona kwa kuangalia boti ya nani inafukuzwa.